Mwalimu wa Fizikia na Mistari ya Ukutani

Ukitaka kumuudhi, useme mbele yake, "Nimeona kwa macho yangu." Angeweka chini alichoshika, hata kama ni kikombe cha chai ya moto, akakuuliza, "Na ungefumba, kisingekuwepo?" Alimuuliza hivyo mwalimu mkuu. Alimuuliza muuza samaki aliyeapa kwamba kaona papa mrefu kuliko mtumbwi. Akaniuliza na miye, siku niliyokwenda kwake nikitetemeka kwa hasira kumwambia kwamba nimemwona mume wangu, kwa macho yangu mawili, akila muhogo wa kuchoma mchana wa Ramadhani. Nilifuata pole, nikapewa fizikia.

Tulikaa ukuta mmoja miaka mingi, kwenye nyumba za walimu za sekondari yetu huko Kibiti. Miye nilifundisha Kiswahili. Somo lake nililifeli nikiwa msichana na nikamshukuru Mungu kwa kunitua mzigo. Kwa hiyo haya nitakayosema kuhusu mwanga nayasema kama nilivyoyapata kupitia ule ukuta, kutoka kwa mtu asiyekubali jirani yake afe mjinga. Wanafunzi walimwita Mwalimu wa Fizikia, na kwa kweli hapakuwa na mwingine. Miye nilimwita dada, maana alinizidi umri. Na ukali alinizidi, ingawa wapo wanaobisha.

Kwao ni deltani, kwa wakata mikoko. Zaidi ya hapo hakupenda kuulizwa, na miye sikumchimba.

Kutoka sokoni hadi shuleni ni mwendo mfupi, lakini yeye ulimla asubuhi nzima. Kwetu huwezi kupita mbele ya baraza la mtu kimya kama mwizi. Utasalimiwa, utaulizwa hali ya watoto na ya shamba, kisha litakuja lile lenyewe: "Watoka wapi, waenda wapi?" Njia ziko mbili, moja inapita kwenye mikorosho na nyingine nyuma ya maduka. Vijana waliochelewa walijaribu sana kudanganya wamepitia ipi. Haikuwafaa kitu, kwa kuwa kila baraza lilikwisha wasalimu. Mwalimu wa Fizikia alilichukua jambo hilo akaingia nalo darasani.

Kijana mmoja alimuuliza kwa utani: kama kweli chembe ya mwanga inaweza kupita njia mbili kwa mpigo mmoja, mbona yeye hawezi, ili apitie mikoroshoni na nyuma ya maduka pamoja na viboko vimkose? Darasa likaangua kicheko. Yeye hakucheka, alifurahi, na kufurahi kwake kulikuwa kwa kukunja uso.

"Kwa sababu weye unasalimiwa," akamwambia. "Tangu unatoka sokoni hewa inakugusa, jua linakugusa, vumbi linapokea unyayo wako. Kila kilichokugusa kimebaki na alama yako. Hakina haja ya kwenda kukusema kwa mtu. Alama tu inatosha. Chembe ya mwanga ikipita bila kugusana na chochote, hakuna mahali popote duniani palipobaki alama ya njia yake. Basi njia zote mbili ni zake, na mbele zinakutana, zinachanganyika. Isalimiwe na kitu kimoja tu, mambo yamekwisha. Inabaki na njia moja, kama weye na viboko vyako."

Nilikuwa nasikiliza dirishani. Jioni nikamsuta: mtu anayefundisha kwamba salamu inaharibu, mbona hakuna baraza analoliruka? "Miye si chembe," akanijibu. "Miye mtu wa watu."

Miaka hiyo biashara ilikuwa imefunguliwa, na vitu vikamiminika mpaka kwetu: mitumba ya marobota, redio za kila rangi, kalkuleta zinazokufa kabla hujazoea vitufe vyake. Maabara yetu haikumiminikiwa na kitu. Ilikuwa na meza, sinki lisilo na bomba, na panya. Kisha siku ya gulio akamkuta mchuuzi anauza vijitochi vya kutundika kwenye funguo, vyenye mwanga mwekundu mwembamba. Wenzake wote waliviona ni vitu vya kuchezea paka. Yeye alirudi mbio, ushungi umemteleza mabegani, akaita hodi kwangu na kuingia kabla sijaitikia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mdogo wangu, maabara hii hapa!"

Alichotaka ni hiki. Mwanga ule ukiuelekeza kwenye kitu chembamba sana, unapita kushoto kwake na kulia kwake, na ukutani hautupi kivuli kimoja kama ungetegemea. Unatupa mistari: mwekundu, mweusi, mwekundu, mweusi. Penye wekundu njia mbili zimekubaliana, penye weusi zimepingana. Kitabu chake kilisema tumia unywele wa kichwani. Ebo! Kitabu kile hakikuandikiwa watu wa Kibiti. Wangu tuliunyoosha ukajikunja, wake tukaunyoosha ukajikunja zaidi. Akaenda kuchomoa wa mkia wa ng'ombe wa jirani, na aliyerudi akitimua mbio ni yeye. Mwisho akafumua koili ya redio mbovu na kupata uzi wa shaba mwembamba kuliko hata unywele. Tukafunga madirisha yangu, akawasha, na juu ya kitanda changu nikaiona mistari imejipanga ukutani. Nilipiga kigelegele, wallahi, hata mume wangu akaja akiuliza nani kaposwa.

Lakini mistari ilikuwa nusu ya shauri lake. Aliichokonoa kalkuleta yake iliyokufa na kubandua kiplastiki chembamba kilicho mbele ya kioo. Mwanga, alinieleza, unatikisika unapokwenda, na kiplastiki hicho kinaruhusu mtikisiko wa upande mmoja tu. Ukikata vipande viwili, kimoja ukakisimamisha kushoto kwa uzi na kingine ukakilaza kulia, basi kila njia imetiwa alama yake. Hujaziba njia, hujaikodolea macho, umeitia alama tu. Na mistari inatoweka. Inabaki doa jekundu, bubu.

"Halafu," akasema, na hapo sauti ikamshuka, "unachukua kipande cha tatu, unakiweka mbele kwa mshazari. Kinafuta ile tofauti. Na mistari inarudi."

"Inarudi vipi na imeshaharibika?"

"Kwa sababu alama bado iko mikononi mwako, ni ndogo, unaweza kuifuta. Ikishasambaa kwenye hewa na vumbi na kuta, nani ataikusanya? Hapo hairudi. Ndiyo maana dunia imetulia hivi, na korosho haipiti mashimo mawili kwa mpigo mmoja."

Msimu huohuo alikwenda Dar es Salaam kupimwa macho. Alikuwa anajigonga kwenye miimo ya milango na kusingizia kandambili. Aliporudi aliniambia akiwa anachambua mchele, hakuinua hata kichwa: presha ya macho. Imeshakula pembeni, inakuja katikati, na ilichokwisha kula haikitemi. Alikuwa akiona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo.

Nilikaa kando yake, nikatia mkono kwenye ungo nimsaidie.

"Nataka niione ikitoweka na kurudi," akasema. "Kabla. Kwa macho yangu."

"Ala! Dada, na ungefumba?"

"Leo usinifundishe," akaniambia, na mkono wake ukasimama ndani ya ungo. Roho iliniuma kwa ulimi wangu huu.

Tangu hapo akawa kama aliyepandwa na kitu. Alikata vile vipande kwa wembe, akaharibu, akakata tena. Mistari ilitoweka kwa sababu zisizo zenyewe, mara upande mmoja ulizimika kabisa, mara mwanga ulififia, mpaka alipogundua kwamba hata kijitochi chenyewe lazima kilazwe mshazari ndipo njia zote mbili zipate mwanga sawasawa. Nilimshauri apumzike. Alinitazama, yaani alinitafuta kwanza kisha akanitazama, akasema atapumzika sana huko mbele. Na jambo moja alilikataa katakata: kuifanya peke yake chumbani. Kuondoka na kurudi kwa mistari atakuona mara ya kwanza pamoja na darasa lake, kwa kuwa alishawaahidi.

Sasa niwaeleze jinsi darasa lile lilivyomfanya.

Wanafunzi walikuwa wamesoma mahali, au wameambiana, kwamba chembe za mwanga zikitazamwa zinabadilika, mistari inakimbia. Kwa mtoto wa kwetu hilo halihitaji kitabu. Kila mtu anajua kinachoharibika kikitazamwa. Vifaranga vinakufa, mimba inatoka, mpunga uliokuwa umekubali unasinyaa, kisa mtu kautazama bila kusema mashallah. Ni jicho. Walilipokea somo lote la fizikia wakaliweka hapo, likatoshea bila kusukumwa.

Tulitumia ghala la shule. Miye nilisimama mlangoni nimeshika blanketi la kuzibia mwanga. Akapiga bismillahi, akawasha.

"Mnaiona?"

"Tunaionaaa, Mwalimu!"

Mistari ilikuwepo kweli, imenyooka kwenye chokaa. Akaviweka vile vipande viwili, kimoja wima, kimoja kimelala. Ikatoweka. Nikamsikia akivuta pumzi.

"Imetoweka! Mmeona?"

"Tumeonaaa!"

Macho yangu yalikuwa yameshazoea giza, na kwa ule wekundu kidogo wa ukutani nikaziona nyuso zao. Mtume! Darasa zima limefumba macho. Wengine wameziba na viganja juu yake, mmoja anasoma Ayatul Kursiy kwa midomo. Kabla sijafungua kinywa, Mwalimu alinyoosha mkono nyuma kwa kijana aliyepewa kushika kipande cha tatu. "Lete." Kijana akanyoosha wake, naye kafumba. Mikono ikapishana. Kipande kikaanguka.

Walipapasa sakafuni wote kwa pamoja, na hilo ndilo lililokimaliza. Nilipofungua mlango tukakikuta chini ya kiatu, kimesagwa na mchanga, cheupe kama ganda la kitunguu. Na kiplastiki kingine hakikubaki.

"Mlikuwa mmefumba?" akauliza.

"Tuliogopa kuitia jicho, Mwalimu," akajibu yule kijana, machozi yanamlengalenga. "Tulitaka uione weye."

Nilisubiri fimbo. Fimbo haikuja. Alikaa juu ya kreti, akajifuta uso kwa ncha ya ushungi, kisha akasimama, kwa sababu kengele ilikuwa haijapigwa na yeye hakuwahi kuacha kipindi njiani.

"Nisikilizeni. Miye niliitazama tangu mwanzo, jicho langu lote liko juu yake, na ilikuwepo. Nikaitia alama, ikatoweka, na nyie wote mmefumba. Haya, jicho limefanya nini?"

Kisha msichana mmoja, mtoto wa watu wa Ngorongo, akasema polepole, "Halijafanya kitu, Mwalimu."

"Halijafanya kitu. Kinachoharibu ni kuguswa, awepo wa kutazama au asiwepo. Andikeni."

Aliendelea mpaka kengele. Lakini usiku ule nilimsikia upande wa pili wa ukuta. "Wana macho mazima," alikuwa akisema peke yake, "wana macho mazima wakayafumba." Nikagonga ukuta. Akagonga. Tukalala hivyo.

Kalkuleta nyingine mbovu niliipata miye, kwa fundi cherehani mmoja wa Mtawanya, mwaka ukiwa umepinduka. Nilimpelekea kama napeleka mahari. Alikibandua kiplastiki kwa vidole, akawasha kijitochi, akausogelea ukuta mpaka pua ikagusa chokaa. Alikaa hapo muda.

"Naona wekundu," akasema. "Mistari siioni."

"Ipo, dada. Ngoja nikutazamie miye, weka hivyo vipande, nikwambie."

"Hapana."

"Lakini si weye mwenyewe unayesema..."

"Najua ninayosema! Kiweke. Hospitali wakinisafisha macho nitaiona mwenyewe."

Walikuwa hawana la kusafisha, na alijua. Huyo ndiye alikuwa, mtu aliyepigana na jicho miaka yote darasani, na lake akalidai mpaka mwisho. Kiplastiki nikakifunga kwenye karatasi, nikakitia kabatini katikati ya khanga zangu.

Aliendelea kufundisha. Maandishi yake ubaoni yalipanda juu kama ngazi, na wanafunzi wakajifunza kusoma wakiwa wamepinda shingo. Nadharia aliitoa kichwani, kurasa na kurasa. Mwanafunzi akinong'ona nyuma alimtaja kwa jina. Mji ulisema kachomwa na ile taa nyekundu, wengine wakasema kaonewa wivu na walimu wenzake, na wengine wakanitazama miye. Nikawatazama vilevile.

Kaka yake alikuja kutoka deltani na kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwenye chupa. "Dada, wamekutia jicho hawa watu wa bara," akamwambia mbele yangu bila haya. Nikajua sasa moto utawaka. Aliipokea ile chupa kwa mikono miwili, akaomba dua, akanywa yote. Kaka alipotoka kwenda kuswali, nilimgeukia.

"Kavuka maji kuniletea," akasema. "Ningemrudishia usoni?" Kisha akainua kichwa na kujitia matone yake ya hospitali.

Alipoacha kutofautisha chaki na kidole chake, yule kaka alikuja tena, na safari hii alimchukua.

Nilichelewa kwenda kumtazama, watoto, kazi, na maji yale siyaamini. Nilipokwenda, nilipanda boti Nyamisati nikashika ubao mpaka vidole vikafa ganzi, nikashushwa kwenye tope, nikazama mpaka magotini na kuanza kuwalaani wote walionishauri safari ile. Kutoka uani juu nikasikia, "Mlete huyo mwalimu wa Kiswahili, namjua kwa matusi yake!"

Alikuwa amekonda na macho yanatazama kando yangu. Tulikumbatiana, tope na yote. Tulikula wali na kamba, tukawasengenya wote tunaowajua. Kisha nikatoa kile kikaratasi kutoka kifundoni mwa khanga yangu na kukiweka kwenye kiganja chake. Alikipapasa. Alijua mara moja.

"Hukukitupa."

"Uliniambia nikiweke."

Akakikunjia vidole. "Nilitaka niione," akasema. "Nimeikosa. Inaniuma, sikufichi." Akasimama. "Haya, tochi unayo?"

Ilikuwa adhuhuri, tukaingia jikoni kwake na kuziba nyufa kwa khanga zetu. Moshi wa kamba ulikuwa bado umetanda, na ule mwali mwekundu ukaonekana umenyooka hewani. Nilimwambia. "Huo unaouona njiani ndio uliokwisha kusalimiwa na moshi," akasema. "Sisi tunautaka ule uliopita kimya." Ule uzi wa shaba na vile vipande viwili vya zamani alikuwa navyo, uzi umetandwa kwenye kijifremu cha kijiti cha mkoko. Alivipanga vitu vyake kwa vidole, kimoja baada ya kingine, bila kupapasa mara mbili.

"Ipo?"

"Ipo."

Akapachika alama zake, wima na mlalo.

"Imetoweka, dada."

"Najua." Akachukua kipande cha tatu. Kwenye ukingo wake alikuwa ametia alama ya ukucha tangu siku ile alipokibandua, na dole gumba lake likawa linaifuata huku akikizungusha polepole mbele ya mwanga. Likasimama. "Hapo," akasema, kabla yangu.

Na ukutani, kwenye udongo uliokolea moshi, mwekundu, mweusi, mwekundu, mweusi. Nililia, miye ninayesemwa sina machozi.

"Mbona kimya?"

"Imerudi. Imerudi yote. Katikati imekolea, pembeni inafifia, imenyooka, dada, imenyooka kweli."

Aliendelea kukishika kipande palepale. Nje watoto wa kaka yake walikuwa wanagombania koleo.

"Sasa fumba," akaniambia.

"Nifumbe?"

"Fumba na weye."

Nikafumba.

"Umefumba kweli?"

"Nimefumba."

Mkono wake wa pili ukanitafuta, ukanipata, ukanishika.

"Ipo?"

"Ipo," nikamwambia, na sikufumbua kuhakikisha.